Fundo Kwenye Mpira wa Petroli

Juzi kijana wa bodaboda aliegesha pikipiki yake chini ya dirisha langu, na kabla sijachungulia nilijua ina mpira wa petroli uliopasuka. Petroli inayovuja hainuki kama petroli iliyotulia ndani ya tangi. Ina ubaridi fulani, inaingia puani na kukaa nyuma ya macho. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono yangu ikasimama ndani ya ungo. Nilitoka nikamwonyesha yule kijana mahali palipochanika, chini kidogo ya koki, akashangaa. "Mama, umejuaje?" Nilimwambia aisukume mpaka kwa fundi, asiiwashe. Swali lake sikulijibu, kwa sababu jibu lake lina nyumba nzima ndani yake, nyumba yetu ya Soweto, hapa hapa Mbeya, wakati ule iliponuka petroli kuanzia chumbani mpaka kwenye debe la unga.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mji ulivyokuwa: mahindi katikati ya nyumba, ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka mlima Loleza, na baridi ya mwezi wa sita inayopasua midomo. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kwao ni Iringa, upande wa Ifunda, lakini kazi yake ilikuwa kule bondeni Usangu, Rujewa na Ubaruku, na hakukuwa na gari la kumfikisha kila penye mashine. Ndiyo maana alikuwa na pikipiki. Aliinunua kwa mlowezi mmoja wa tumbaku aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, nayo ilikuwa imeshazeeka kabla mimi sijazaliwa. Tangi lake lilikuwa la kijani, limechubuka pale magoti ya baba yalipolikumbatia.

"Chuma chake hakina neno," baba alikuwa akisema. "Kinachonitesa ni mipira."

Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya mipira. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa barazani, na siku hiyo aliiacha akaja kukaa na baba uani. Baba alifungua kabureta akaipanga kwenye sinia: boya la shaba, kikombe chake, jeti ndogo za kupitishia petroli, zenye matundu ambayo usingeyaona mpaka uziinue kwenye mwanga. Jeti zilizibuliwa kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, kwa sababu waya ungepanua tundu. Vipira vya duara vilikuwa kazi ya mama. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vilizoea uzi na sindano; alivipaka vipira mafuta ya nyonyo, akavinyoosha, akavirudisha mahali pake bila kuvikunja. Walikuwa wakizungumza Kihehe chao cha chini chini, na mimi nikicheza na kikombe cha kabureta kana kwamba ni cha chai ya mdoli wangu.

Safari yake ya mwisho ilikuwa wakati wa masika. Asubuhi ile mama aliinama kando ya injini, akabonyeza mpira unaoshuka kutoka kwenye tangi.

"Huu umekakamaa, baba Debora. Una nyufa."

"Nitaubadilisha nikirudi."

"Badilisha kwanza, halafu uende."

"Nitautoa wapi leo? Ubaruku mashine imesimama, wanawake wanatwanga kwa kinu. Nikirudi, nitaubadilisha."

Alinipandisha juu ya tangi, akanizungusha uani, akanishusha. Gauni langu lilibaki na harufu yake siku nzima. Kwangu baba na petroli vilikuwa kitu kimoja. Sikujua kwamba harufu ile inauzwa kwenye vituo na kwamba watu wengine wanayo pia.

Kilichorudi ni pikipiki peke yake. Lori la magunia ya mpunga lilikuwa limeikuta karibu na kivuko cha mto Mbarali, imeegemezwa kwenye mgunga, haijaanguka, haijavunjika, na koki ya petroli imefungwa. Chini ya mti kulikuwa na viatu vya baba, soksi zimekunjwa ndani yake. Mto ulikuwa umefurika mpaka kwenye nyasi. Polisi walitafuta, wavuvi wa kambale wakatafuta, hawakuona kitu. Lori lile lile ndilo lililoleta pikipiki na viatu nyumbani, na wapagazi waliishusha pikipiki taratibu kana kwamba kuna mtu amelala juu yake.

Nyumba ilijaa watu. Mimi nilikuwa nimeingia chini ya meza, katikati ya miguu ya wanaume wa kanisani, na ndipo nilipomsikia mmoja akisema, "Hakuna aliyeona. Shahidi ni hii pikipiki tu."

"Ingekuwa na mdomo ingesema," mwingine akajibu.

Mtoto hasikii *ingekuwa*. Mimi nilisikia kwamba itasema.

Watu walipopungua, mama alikwenda kuifuta tope. Nilikuwa nimeshika ndoo. Alipofika kwenye ule mpira wa petroli mkono wake ulisimama, kisha akaniambia nilete taa ijapokuwa jua lilikuwa bado halijatua. Mpira uliokuwa pale haukuwa wetu. Ulikuwa mnene zaidi, mweusi, una nyuzi nyuzi za kitambaa kilichochakaa kwa nje, na kila ncha ilikuwa imefungwa kwa kijikamba cha ngozi. Mafundo ya namna ile mama hakuwahi kuyaona. Ngozi ilipita chini, ikarudi juu, ikajilaza yenyewe ndani ya zizi lake, imebana kiasi kwamba kucha haikuingia.

"Baba yako hafungi hivi," alisema. "Kuna mtu alikuwa naye."

Baba mdogo, mdogo wake baba aliyekuwa akifanya kazi kwenye mabanda ya tumbaku Iringa, alikuja kwa basi kutaka tuweke matanga. Alikuwa mtu mpole, kofia yake aliipakata magotini muda wote wa mazungumzo.

"Shemeji," alisema, "mwili hatutaupata. Tuzike nguo zake. Wazee wamekubali, mchungaji amekubali."

"Nguo hazikufunga fundo lile, shemeji."

"Fundo ni fundo."

"Aliyefunga alikaa na kaka yako, akamshikia mpira. Anajua alivyokuwa, alisema nini. Nataka kumwona mtu huyo kwanza."

Baba mdogo alitazama kofia yake. Kisha akasema jambo lililonifanya nisogee karibu na mama. "Mama yetu hafungi mlango wake. Tangu habari ilipofika. Baridi yote ile ya Ifunda, anakaa na mlango wazi. Tukiufunga, anaamka anaufungua. Anasema mwanawe yuko nje."

Mama alifunika uso kwa kitenge, lakini alipokifunua macho yalikuwa makavu. Hakuwa amelia tangu siku ile ya lori, na watu walianza kulisema jambo hilo kisimani. Alimwomba baba mdogo ampe mpaka mwanzo wa mvua zijazo. Kama atakuwa hajampata mtu huyo, nguo zitazikwa.

Basi pikipiki ikahamia sebuleni, kwa sababu nje ingeibiwa au kunyeshewa, na hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Tulikula tukiwa tumeizunguka. Wageni waliokuja kupima nguo walikaa upande wa pili wa chumba. Mpira ule mgeni haukuwa wa petroli, na petroli ilianza kuula. Ulivimba, ukawa laini kama ini, ukatoa unga mweusi uliokwenda kuziba jeti. Mama aliona kwamba akiuacha utayeyuka na mafundo yake. Aliutoa bila kugusa mafundo, akaufunga kwenye leso, akaweka mpira mpya aliopewa na dereva wa malori ya Zambia. Kisha akaendelea na Jumamosi zake kama kawaida: sinia, unywele wa mkia, mafuta ya nyonyo.

"Kwa nini unaipaka, na baba hayupo?" nilimuuliza.

"Mipira ikikauka, mashine haitoi sauti tena."

Aliongea habari ya injini. Mimi nilielewa kwamba koo la shahidi linatunzwa mpaka siku atakapozungumza. Tangu hapo niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilipaka mafuta mpaka vidole vikateleza. Mama alipopiga kiki na injini kuwaka pale sebuleni, milango wazi, moshi ukitoka kwenda kwa majirani, niliweka sikio kwenye tangi na kuuliza kimoyomoyo, baba yuko wapi. Ndani ya mngurumo ule kulikuwa na maneno, nilikuwa na hakika. Yalikuwa yanasemwa haraka mno kwangu. Na injini ilipozimwa, chuma kilipokuwa kinapoa, kililia *tik, tik*, kwa kupumzika katikati, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Nilikaa mbele yake jioni nzima nikingoja aanze.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Mama alipotaka kupunguza petroli kwenye tangi alitumia mrija, akaivuta kwa mdomo, akatema. Mimi sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Nilichojua ni kwamba baadhi ya jioni, aliponiinamia tusali, pumzi yake ilikuwa ya baba. Harufu ile ile, karibu kabisa na shavu langu. Nilifikiri amekuja. Nilifikiri baba anakuja nikiwa shuleni, anazungumza na mama uso kwa uso mpaka pumzi zao zinachanganyika, kisha anaondoka kabla sijarudi kwa sababu ambayo wakubwa wanaijua. Nikaanza kutoroka shule mchana ili nimfumanie. Nilisimama nyuma ya mlango wetu wa uani nikichungulia kwenye ufa. Nilichoona kila mara ni mama peke yake, amekaa kando ya pikipiki, mkono wake uko juu ya kiti, haufanyi chochote.

Mvua zilipokaribia alianza kujifunza kuiendesha. Ilikuwa kwenye kiwanja cha shule, kunapopambazuka, amevaa suruali ya baba chini ya kitenge, na jirani yetu Mama Atupele, Mnyakyusa mwenye kifua kipana, akimshikilia nyuma na kukimbia naye.

"Mama Debora, utaniua kwa mbio," alikuwa akisema akihema. "Mwanamke anapanda pikipiki aende wapi?"

"Kule basi lisikofika."

Alianguka, akainuka. Kifundo cha mguu kilivimba akakikanda kwa maji ya chumvi. Watu walisimama kando ya barabara kumtazama, na wengine waligeuza nyuso, kwa sababu mlio ule waliujua. Kwa miaka mingi ulikuwa umetangaza kwamba baba anarudi. Mzee mmoja alimwomba mama, kwa heshima, asipite mbele ya nyumba yake jioni. Mkewe akisikia, anatoka kumsalimia fundi, kisha anakumbuka.

Likizo ilipofika tulikwenda. Mimi nilifungwa mgongoni kwa mama kwa khanga ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo, na tukashuka Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala, joto likituongezeka mwilini kila tulipoacha milima nyuma. Tulilala Rujewa kwa mwinjilisti aliyemfahamu baba. Kamba ya ngozi ni kitu cha wafugaji, kwa hiyo kutoka hapo, kila penye mnada wa ng'ombe, tulikwenda. Vumbi, kwato, wanaume warefu wenye mashuka na fimbo, na mama yangu katikati yao, mfupi, akifungua leso.

"Samahani baba, fundo hili mnalijua?"

Wengine walicheka kidogo kwa haya. Wengine waliona kamba ya ngozi juu ya kitu cheusi kilichovimba wakarudi nyuma, wakidhani ni uganga. Kijana mmoja alimtemea mate mbele ya miguu akaondoka haraka. Mama alikunja leso, akaendelea kwa mwingine. Tulirudi kwa mwinjilisti tumejaa vumbi, na njiani, kila tulipovuka mtaro au kijito, mama alisimamisha pikipiki kwanza akayatazama maji.

Aliyetusaidia alikuwa muuza chumvi, mama wa Kisangu, aliyekuwa amekaa chini na mafungu yake. Hakuogopa. Alikigeuza kile kipande kwenye kiganja. "Hii ni ngozi ya ndama," alisema. "Wale waliotoka Usukumani na mifugo yao wanafunga hivi kamba za ndama. Ila hawako tena mtoni. Operesheni ya vijiji imewahamishia kijiji kipya, kule." Akaonyesha kwa kidevu.

Tulifika asubuhi. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mstari, nyasi za mapaa bado za manjano, na zizi kubwa la miiba nyuma. Tulipokaribia nyumba ya mwisho, msichana wa umri wangu alitoka mbio kutuelekea. Alikimbia kwa furaha, mikono mbele, mpaka alipoona tangi la kijani kwa karibu na mtu aliyekaa juu yake. Akasimama. Uso wake ulibadilika mbele yangu, sijapata kuona uso ukibadilika hivyo tena. Akageuka akakimbilia ndani, na ndani tukasikia sauti yake ikipanda, haina maneno.

Mwanaume alitoka zizini akifuta mikono. Mama alizima injini, akafunga koki, akamsalimia. "Mwangaluka," alisema, neno alilofundishwa njiani, kisha akafungua leso kabla hajajibiwa.

Yule mtu hakulitazama fundo muda mrefu. "Ni langu," alisema. Akaita kwa Kisukuma, mkewe akatoka, akaiona pikipiki, akatuona sisi, akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Jina lake lilikuwa Masanja. Alituwekea kigoda na ngozi, mkewe akaleta maziwa ambayo hakuna aliyeyagusa. Akazungumza akiyatazama magoti yake.

"Alikuja kwa miguu. Mpira umepasuka, ameushika mkononi. Akaniuliza kama nina mpira wowote wenye tundu. Nikamwambia, nina wa pampu ya baiskeli. Akasema, ukinipa huo utajazaje upepo? Nikasema nitaazima kwa jirani. Nikakata. Tukarudi wote mpaka pikipiki ilipo. Akaupima, akacheka, akasema petroli itaula huu, lakini utanifikisha kwangu. Waya hatukuwa nao. Ndiyo nikamfungia na ngozi."

"Ikawaka?" mama aliuliza.

"Ikawaka vizuri."

Mama aliitikia kwa kichwa. Niliona kwamba jibu lile lilikuwa na maana kwake, ingawa sikujua ni maana gani. "Halafu?"

"Nilikuwa nimeshaagana naye. Nimempa mgongo. Huyu Kabula wetu alikuwa anavusha ndama. Hapa mvua hakuna, jua linawaka, kumbe huko milimani imenyesha. Maji yakaja na kishindo. Nikasikia injini inazimwa. Nikageuka, namwona anavua viatu."

"Alifunga koki," mama alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

"Alimfikia. Akamsukuma mpaka mikononi mwangu. Nikamvuta mtoto, nikamlaza. Nilipotazama tena, maji tu."

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Mama alikuwa amekaa wima kabisa, mikono yake mapajani kama aliyekaa kanisani.

"Mbona hamkusema?"

"Tuliufuata mto kwenda chini kumtafuta. Siku nyingi. Tukampata, tukamzika kwa heshima, mama, sikudanganyi. Tuliporudi penye mti, pikipiki haipo, viatu havipo. Tukasema, ndugu zake wamekuja, wamejua, wamechukua vyao. Tulingoja waje na kwetu. Hawakuja. Jina lake hatukulijua, tulimwita Fundi. Halafu tukahamishwa." Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mtoto huyu, akisikia mlio wowote wa pikipiki, anatoka mbio. Anafikiri amefika salama, amerudi kutuambia."

Nilimtazama Kabula, aliyekuwa amesimama mlangoni akitafuna ncha ya shuka. Kwa hiyo na yeye alikuwa anangoja sauti ile ile. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Sikumwonea, kwa sababu mwili wake ulikuwa wa ukubwa wangu, mikono yake mikono yangu, na nilimwona wazi akiwa juu ya tangi la kijani, mahali pangu.

Yaliyofuata baadaye niyaseme hapa, yapite. Baba mdogo alikuja akasimama penye kaburi la baba, akachukua udongo kidogo akampelekea bibi Ifunda, na bibi akaupokea kwa mikono miwili, akaufunga mlango wake mwenyewe. Mama aliendesha pikipiki ile miaka kadhaa, akipeleka nguo alizoshona kwa wateja wa mbali, mpaka mipira yake ikakosekana kabisa madukani, na siku aliyoiuza kwa mnunua vyuma hakusimama kuitazama ikiondoka. Mimi nilikua, nikajua mrija ni nini na ile harufu ya pumzi yake ilitoka wapi. Kujua hakukusaidia. Mpaka leo petroli ikinikaribia shavuni, nafumba macho kabla ya kufikiri.

Lakini asubuhi ile tulitembea kwa miguu mpaka mtoni, Masanja mbele, wanawake wa kijiji wakiungana nasi mmoja mmoja kila tulipopita nyumba. Mto ulikuwa mdogo sana. Nilishangaa, ulinifika magotini, na mchanga ulionekana chini. Walikuwa wameshahama pale, kulibaki miduara ya majivu na vigingi vya zizi, na juu ya ukingo, mahali maji yasipofika, kaburi. Lilizungushiwa miiba ili ng'ombe wasilikanyage. Juu yake kulikuwa na mawe ya mtoni yaliyochaguliwa kwa ukubwa mmoja, na ardhi kuzunguka ilikuwa imefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana.

"Ni Kabula," mama yake alisema. "Akileta ndama, anafagia."

Mama yangu alivua viatu. Aliingia ndani ya ile miiba taratibu, kitenge kikanasa, akakinasua, akasimama miguuni pa kaburi. Nilidhani atasali, au atasema habari ya fundo, au atamwambia baba jinsi tulivyohangaika minadani. Alirekebisha kilemba chake kama mtu aliyefika mlangoni pa watu.

"Kamwene," alisema.

Ndiyo salamu ya kwetu, salamu ya asubuhi ya kila siku, ndogo kabisa. Anayesalimiwa huijibu kwa neno hilo hilo. Mama alisimama akingoja. Mimi nami nilingoja, kwa masikio yangu yote, na kwa mara ya kwanza tangu pikipiki iliposhushwa kwenye lori nilielewa kwamba hakutakuwa na sauti. Si kutoka pale chini, si kutoka popote. Upepo ulipita kwenye nyasi. Mama bado amesimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja kidogo, na nikaanza kuogopa kwamba hatatoka hapo.

"Kamwene," sauti ilijibu nyuma yetu.

Alikuwa Kabula. Hakujua Kihehe, hakujua neno lile ni nini. Alijua tu kwamba mtu amesalimia na hajajibiwa.

Mama aligeuka akamtazama muda mrefu. Akakaa chini kwenye ardhi iliyofagiliwa na kulia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka kwake. Wanawake wa kijiji, ambao walishamlilia mtu yule wakati wao, wakakaa naye wakaanza upya. Masanja aliweka fimbo yake chini.

Mimi nilibaki nimesimama, sijui pa kwenda. Kabula alikuwa ameketi pembeni kwenye kipande cha ngozi ambacho mama yake alikuja nacho. Hakuniita, hata hakunitazama. Alisogea tu upande mmoja, nikaenda, nikakaa.